DANSA WA STAA, GOTI LENYE HISTORIA NA FIMBO ZA PINKI MLIMA KILIMANJARO

Wadau, ile picha mmeiona. Dada wa watu kasimama Stella Point, jua ndo linachomoza, jaketi la pinki, mkono wa kulia fimbo ya pinki, mkono wa kushoto fimbo nyeusi iliyochubuka ambayo ukiikodolea vizuri imepinda kidogo. Komenti zikamiminika. "Hiyo ya kushoto kaazima kwa mchunga ng'ombe?" "Kaishia Stella, Uhuru kamwachia nani?" Mwingine akaandika kwamba goti ni kisingizio, kiki tu za mjini.

Jina halitajwi hapa, ila wanaomjua wanamjua. Ni dansa. Kwenye video za staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, yule wa katikati anayeshuka mpaka chini kwenye kiitikio halafu anainuka bila kushika chochote, ndo huyo. Sasa ule mshuko unalipwa na magoti. La kushoto lilimgomea mwaka juzi mazoezini, akakaa miezi minne bila shoo, na mwenye kazi akamwambia kwa upole kabisa kwamba likirudia tena, nafasi yake ina foleni. Hakuwa anamtishia. Ndo kazi ilivyo.

Halafu ukaja mchongo. Kampuni moja ikataka watu maarufu wa mitandaoni wapande Kilimanjaro, wapige picha na bidhaa yao, waposti. Malipo nusu kabla ya kupanda, nusu baada ya picha ya kileleni Uhuru. Walikuwa sita: yeye, mchekeshaji mmoja ambaye nyote mnamcheka kila siku, mtangazaji wa redio, na wengine watatu ambao hawana kazi kubwa kwenye habari hii. Na ziara ya mikoani ya bosi wake ilikuwa inaanza wiki tano baadaye. Kwa hiyo dada alikuwa anapanda mlima akiwa amebeba mahesabu mawili kichwani: nusu ya mkwanja iliyobaki, na goti.

Usiku wa kuamkia safari, pale Moshi, wakaenda kukodi vifaa. Jaketi, mfuko wa kulalia, tochi ya kichwani, fimbo. Na hapo ndo kosa la kwanza lilipotokea, kosa ambalo watu wengi wa mjini wangelifanya. Alichagua fimbo kwa rangi. Kulikuwa na jozi tatu, moja ya pinki inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na jaketi lake pinki. Mchezo ukaishia hapo. Hakuzivuta, hakuzifunga, hakuziegemea. Alizipiga picha.

Mchekeshaji yeye alikuja na za kwake kutoka Dar, za kaboni, zile zinazokunjwa vipande vitatu na zina kamba ndani. Nyepesi kama penseli. Bei yake aliitaja mara nne kabla ya chakula cha usiku.

Siku ya kwanza, geti la Machame, kiongozi wao akawapanga mstari. Ni mzee wa makamo, mtu wa Kibosho, mlima ameupanda mpaka ameacha kuhesabu. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akawa anawaangalia miguu tu, viatu, kamba za viatu. Alipofika kwa dada akatabasamu.

"Binti yangu, hizo umezishika kama maiki."

Watu wakacheka. Lakini mzee hakuwa anatania, akaanza kumfundisha palepale na wapagazi wakiwa wanapima mizigo. Kumbe ule mkanda wa juu ya fimbo si pambo la kuzuia isidondoke. Mkono unaingia kwa kutokea chini ya mkanda, unapanda juu, halafu unashusha kiganja na kushika mshikio pamoja na mkanda, mkanda ukiwa umepita kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukifanya hivyo uzito wako unalala kwenye mkanda, vidole vinabaki vimelegea. Ukiingiza mkono kwa juu kama anayevaa bangili, itabidi ukabe mshikio kwa nguvu siku nzima, na jioni mkono umekufa ganzi. Aliyezoea kukaba hawezi hata kufunga zipu ya hema.

Urefu nao una kanuni yake. Simama mahali tambarare, ncha ya fimbo iguse chini karibu na mguu, kiwiko kikunjike kona mraba kama ya meza. Huo ndo urefu wako wa kawaida. Kwenye kupanda punguza kama sentimita 5 mpaka 10, maana ardhi iko juu mbele yako na hutaki mabega yapandishwe masikioni. Kwenye kushuka ongeza hizohizo 5 mpaka 10, ili uweze kuiweka fimbo mbele chini bila kuinama. Njia ikikata ubavu wa mlima, ya upande wa juu inakuwa fupi na ya upande wa bonde ndefu. Watu wengi wanaweka urefu mmoja getini na kurudi nao huohuo getini. Wanatembea na vyuma.

"Na usiipite alama ya mwisho iliyoandikwa kwenye bomba," mzee akasema. "Ukivuta kupita pale, kipande cha ndani kimebaki na sehemu ndogo ya kushikilia. Siku utakayoiegemea kweli, itakuacha."

Msituni Machame mvua ni jambo la kawaida na tope lake linajulikana. Pale dada akajua kazi ya kile kisahani cha plastiki kilichopo karibu na ncha. Bila hicho fimbo inazama kwenye tope mpaka nusu, unaivuta, inatoka na sauti kama ya kunyonya, na nguvu yako imeishia hapo. Zake zilikuwa navyo. Mtangazaji wa redio alikuwa amevitoa kwa sababu aliviona havina maana. Jioni alikuwa wa mwisho kufika kambini.

Mguu na mkono unaenda kinyume: mguu wa kulia, fimbo ya kushoto. Inaonekana rahisi kusoma, na ukitembea barabarani unaifanya bila kujua kwa mikono mitupu, lakini mpe mtu fimbo mbili mara ya kwanza uone. Kwa dada ilichukua dakika kumi tu, mtu wa stepu huyo. Mchekeshaji siku mbili nzima alikuwa anatembea kama ngamia. Aside ndogo kwa wapenda lugha: neno la Kiingereza la fimbo hizi linaandikwa sawasawa na "pole" yetu, na mlimani kila anayekupita anakwambia polepole. Kuna wageni wanaodhani wanaelekezwa habari za fimbo.

Siku ya tatu ndo siku ya mambo. Unapanda mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu unashuka kwenda kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Wanafanya hivyo makusudi ili mwili uzoee hewa nyepesi. Huo mshuko ni zaidi ya mita 600 za mawe, maji na ngazi za asili, na hapo ndo goti la dada lilianza kuongea. Akakumbuka somo: ongeza urefu, tanguliza fimbo zote mbili chini, hamishia uzito mikononi, ndipo ushushe mguu. Usilale nyuma. Mtu akiogopa mteremko anajirudisha nyuma, na ndo hapo anateleza.

Akatanguliza fimbo. Akaegemea. Ya kushoto ikajifunga.

Yaani ilizama yenyewe, kipande kikaingia ndani ya kipande kama antena ya redio ya zamani, na dada akaenda nayo. Aliangukia kiganja na nyonga. Goti halikugonga jiwe, lakini lilijipinda, na yeye mwenyewe aliwaambia rafiki zake baadaye kwamba pale chini, kabla hajajua kama ameumia au la, alichokiona ni jukwaa likiwa na mtu mwingine katikati.

Mzee akaja. Hakumwinua haraka. Akamwambia akunje, anyooshe, akunje tena. Likakunjika. Akamfunga bandeji ya kubana, akampa fimbo yake mwenyewe ya kushukia, ile nyeusi iliyopinda, na wakafika Barranco giza likiwa linaingia.

Baada ya chakula mzee akaomba zile fimbo za pinki. Akaikaa moja mapajani na kuivuta mpaka ikaachana vipande. Hapa wadau someni taratibu, maana ndo kiini chenyewe.

Fimbo za kurefusha zina loki za aina mbili kuu. Kuna za nje, zenye klipu unayoifungua na kuifunga kwa kidole, na kuna za ndani, za kuzungusha. Za kuzungusha ndani yake kuna kiplastiki kwenye skrubu. Ukizungusha, kile kiplastiki kinatanuka na kubana kuta za bomba. Kinachoishikilia fimbo isijifunge ni msuguano tu. Hakuna pini, hakuna tundu. Msuguano.

Mzee akapitisha kidole kwenye kile kiplastiki na kumwonyesha dada chini ya tochi. Kilikuwa kinang'aa. Mafuta. Aliyezisafisha alitaka ziwe laini, zivutike vizuri mbele ya mteja, zing'ae. Akazipaka mafuta mpaka ndani. Kwa bawaba ya mlango ni sawa kabisa. Kwa loki inayotegemea msuguano umeiua. Na ndo maana fimbo zilizochubuka chubuka pale dukani huenda zilikuwa salama kuliko hizi za kupendeza.

Mpagazi mmoja akaleta beseni la maji ya moto, lilelile la kunawia, na kipande cha sabuni. Wapagazi mlimani wanajiita wagumu, na huyu kijana alikaa kwenye baridi ile anasugua viplastiki vya fimbo ya mtu mwingine kwa kitambaa, kisha akasokota kitambaa kingine na kukipitisha ndani ya mabomba mpaka kikatoka kikavu. Vikaachwa hema la jikoni, mbali na moto, kwa sababu plastiki ile ikipata joto kali inaharibika. Asubuhi wakazifunga na kuzijaribu. Ya kulia ikakamata. Ya kushoto ikagoma, kiplastiki chake kilishalika, hata bila mafuta kilikuwa kinazunguka tu bure.

Mzee akasema, "Hii iweke kwenye begi. Utaenda na yangu."

Mpiga picha wa kampuni hakufurahi. Alitaka pinki mbili, ndo mpango ulivyokuwa, rangi zishikane. Akapendekeza dada atembee na hizo mbili na ile mbovu asiiegemee sana. Ebu fikiria sentensi hiyo. Fimbo ya mlimani usiyoiegemea ni mzigo wa mkononi. Dada akamjibu kwamba wakisimama kupiga picha atashika za pinki, wakitembea anashika za kutembelea. Wakakubaliana hivyo, ila ile ya Stella mpiga picha aliipiga kabla hajabadilisha, na ndo ikavuja kwenye simu ya mtu.

Ukuta wa Barranco unapandwa kwa mikono. Ni jabali, unashika, unavuta mwili. Kila kiongozi anasema hapo fimbo zinafupishwa na kufungwa kwenye begi, ncha zikiangalia chini zisimchome mwenzio usoni. Watano wakafunga. Mchekeshaji akataka video akiwa na fimbo zake mkononi, mikanda imekaza viganjani. Fimbo ya kulia ikaingia kwenye ufa kati ya mawe mawili, yeye tayari kashatupa mguu mbele, mkanda ukamrudisha. Mzee akamdaka begi. Fimbo ikasema "ta!" Ikakatika kama muwa.

Kaboni ina sifa yake nzuri, uwepesi na ugumu, na kwa mtu mwangalifu ni raha. Lakini haipindi. Ikibanwa kwa ubavu inavumilia, inavumilia, halafu inavunjika ghafla. Aluminiamu ni nzito kidogo ila inapinda kwanza, na iliyopinda bado inakufikisha. Ile nyeusi ya mzee ilipinda miaka mingi iliyopita na hajawahi kuinyoosha, kwa sababu ukiinyoosha pale ilipopinda unaidhoofisha zaidi. Na jambo la mkanda lichukuliwe kwa uzito: penye mawe yenye nyufa, mizizi, au kuvuka maji, toa mikono kwenye mikanda. Fimbo ikinasa uiache. Mkono hauna dukani.

Mchekeshaji alitukana kidogo kwa kimya. Video hiyo hajaiposti mpaka leo.

Sasa kileleni. Walitoka Barafu karibu na saa sita usiku, mita 4,670 hivi, baridi ambayo haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyezaliwa Temeke. Kupanda usiku fimbo zinakuwa fupi, unaziweka karibu na miguu, hauzirushi mbele. Glavu nene. Hapa klipu ya nje ya fimbo ya mzee ilionyesha thamani yake, maana ya kuzungusha kwa glavu na vidole vilivyokufa ganzi ni mateso. Ya pinki mzee alishaifunga kwa urefu wa wastani kambini, akamwambia asiiguse tena usiku huo.

Waliingia Stella Point jua linatoka. Mita 5,756. Kutoka pale mpaka Uhuru, mita 5,895, ni kama dakika 45 mpaka saa nzima kwa mwendo wa mtu aliyechoka, na njia yake si kali ukilinganisha na walikotoka. Ndo maana watu hawaelewi. Umefika pale, kilele kile pale, unageukaje?

Mzee alimuuliza goti linasemaje. Lilikuwa limevimba, bandeji imeacha alama. Akamwambia ukweli bila kumpamba: "Kwenda Uhuru litakupeleka. Mimi naangalia kushuka."

Na kushuka ndo kulikuwa hesabu yenyewe. Toka Stella mpaka Barafu ni changarawe inayoteleza, zaidi ya mita 1,000 za kuteremka. Halafu siku hiyohiyo Barafu mpaka kambi ya Mweka. Halafu kesho yake ngazi na mizizi ya msitu mpaka geti la Mweka, kama mita 1,640. Jumla ni zaidi ya mita 4,000 za kushuka ndani ya siku mbili. Wataalamu wa Salzburg, Austria, walipima jambo hili maabara na kuchapisha mwaka 1999: kwenye mteremko mkali, fimbo mbili zikitumiwa sawasawa zinapunguza mzigo wa goti kati ya asilimia 12 na 25. Ni nyingi hiyo, kila hatua, kwa maelfu ya hatua. Lakini isome na upande wa pili. Robo tatu na zaidi bado inabebwa na goti.

Akasimama dakika kadhaa. Meneja wa kampuni alikuwa Dar, amelala kwenye kitanda chake. Nusu ya malipo ilikuwa kwenye ile njia ya mbele. Mchekeshaji akamwambia, "Dada twende bana, nitakushika mkono." Alisema kwa moyo mzuri, ukweli usemwe, na yeye mwenyewe alikuwa na fimbo moja.

Akageuka.

Mzee akamrefushia zote mbili kwa mkono wake, akaikagua ile ya pinki kwa kuiegemea kwa uzito wake mwenyewe, ndipo akampa. Msaidizi akaendelea na wengine. Wawili hao wakashuka saa tatu na nusu, watu wengi huchukua mbili tatu. Hakuanguka hata mara moja.

Cheti cha Stella anacho. Nusu ya pesa hakupata, mkataba ulisema Uhuru na kampuni ikashika mkataba. Wengine mtasema kaonewa. Aliyesaini ni yeye, na wao hawakuandika Stella popote. Ila kwa watu wanaoishi kwa mwili wao, mchongo wenye malipo yaliyofungwa kileleni unapaswa usomwe mara mbili kabla ya kuwekewa emoji ya moto. Ziara ya mikoani ilianza Dodoma na yeye alikuwa katikati. Mshuko wa kiitikio ulibadilishwa, sasa unaenda nusu, kama umeona tofauti ndo sababu.

Zile za pinki alizirudisha dukani na kumweleza mwenye duka kuhusu mafuta. Alimsikiliza. Kama amezitoa sokoni au amezipangusa tu, hiyo haijulikani, kwa hiyo unayekodi usichoke kufanya hivi: vuta, funga, egemea kwa mwili wako wote palepale dukani. Ikishuka hata sentimita moja, rudisha. Usione aibu, mwenye aibu ni fimbo.

Kabla ya kupanda basi alipita Memorial, soko la mitumba la Moshi, akanunua jozi yake. Safari hii hakuangalia rangi. Alifunga jicho moja na kuchungulia kila bomba kwa urefu kama fundi anavyochungulia mbao, kuona kama limepinda. Akaangalia ncha. Ile ncha ngumu ya chuma cha carbide ikishalika na kubaki duara laini, kwenye jiwe inateleza. Akavuta vipande vyote nje kutafuta ule unga mweupe wa aluminiamu iliyoanza kuliwa na unyevu. Akavuta mikanda kwa nguvu kuona kama nyuzi zinaachia. Klipu za nje, aluminiamu, zimechakaa kidogo. Kaboni za mitumba aliziacha. Mkwaruzo mmoja wa kina kwenye kaboni unaweza kuwa mwanzo wa kuvunjika, na huwezi kujua aliyekuwa nazo alizitendea nini.

Klipu za nje nazo hulegea. Kuna kiskrubu pembeni, ukiona klipu inafungika kirahisi mno bila kukulazimisha kidole, kaza robo mzunguko kwa bisibisi ndogo, jaribu, kaza tena kama bado. Ukikaza kwa hasira unaipasua plastiki. Yeye anabeba bisibisi ndogo ya simu kwenye pochi ya vipodozi. Na amezungushia tepu pana ya gundi mizunguko kadhaa chini ya mshikio, ya kuokolea soli ya kiatu, hema, chochote. Ujanja wa yule mpagazi huo.

Dar ndo ina kazi yake. Unyevu wa Dar na chumvi ya bahari hauchekei chuma. Kila akirudi kutoka kutembea, siku hizi anaenda vilima vya Pugu asubuhi za Jumapili, anazitoa vipande vyote, anafuta kila kipande kwa kitambaa kibichi, tope likiwa limeganda anasugua kwa mswaki wa zamani, kisha anaviegemeza ukutani vikiwa vimeachana mpaka vikauke kabisa. Haviweki juani kutwa. Hapaki mafuta, hapaki losheni, hapaki chochote ndani. Anazihifadhi klipu zikiwa wazi. Zikifungwa zimelowa ndani ya begi kwa mwezi mmoja, vipande vinashikana na utahitaji watu wawili kuvitenganisha, mmoja huku mmoja kule, kama kuvutana kamba.

Akisafiri kwa ndege fimbo zinaenda kwenye begi la chini. Ncha zile ukizipeleka mlango wa ukaguzi utaziacha hapohapo.

Fimbo nyeusi alimrudishia mzee getini Mweka. Ncha zake hazikuwa na kofia za raba, zile za kuvalisha ukiwa kwenye jiwe au lami zisiteleze na zisipige kelele. Kwa hiyo mwezi uliopita akanunua jozi Kariakoo na kuzituma kwa basi la Moshi. Mzee akapiga simu kushukuru na kucheka. Kofia hizo hazina saizi moja. Fimbo zake mbili ni za ndugu tofauti, nyeusi na ya kijivu. Kwenye ya kijivu imeingia vizuri. Kwenye nyeusi inachezacheza, na mtu wa mlimani hataki kofia inayobaki kwenye tope. Amemwambia akipata nyingine apime kwanza, milimita 11. Huyo dada yuko Mwanza kwenye shoo sasa hivi, na kama kuna mdau anajua duka lenye saizi hiyo Mwanza au Dar, aache namba ya kibanda hapo chini.